Binti yangu ameanza awali: nafurahi, roho inauma, na sasa limeingia suala la fimbo

Chaki na Mkasi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu na Mungu ambariki. Mods naomba msiuhamishie jukwaa la elimu, kule watanijibu kwa nyaraka za wizara na mimi nataka kujibiwa na wazazi.

Mimi ni fundi cherehani, banda langu liko Tabata huku kwa ndani. Mke wangu ni muuguzi wa zahanati, kazi ya zamu, wiki hii usiku, wiki ijayo mchana. Dada wa kazi tulijaribu ikashindikana, stori yake siku nyingine. Kwa hiyo binti yetu tangu anatambaa amekulia bandani kwangu, chini ya meza ya kukatia. Ukimwambia "lete bobini nyeusi" anachomoa kwenye kopo anakuletea, na haichanganyi na ile ya bluu ya giza ambayo mimi mwenyewe ikifika jioni inanitesa. Mkasi mkubwa anajua haushikwi. Mteja akija kudai nguo yake, yeye ndiye anayewahi kumjibu: "Bado vifungo tu." Hata kama kitambaa hakijakatwa. Sijui kalisikia wapi.

Ametimiza miaka minne, Januari hii tukamwandikisha darasa la awali, shule ya serikali, hapahapa mtaani, unatembea kwa mguu unafika hata jasho halijatoka. Najua wapo mtakaosema nimempeleka Kayumba. Semeni, nimeshazoea.

Sasa tuanze na furaha, maana ipo na sitaki kuificha. Wanaingia saa mbili wanatoka saa tano na nusu. Muda wote huo nafanya kazi kama mtu mzima. Wenye ufundi mtanielewa: Januari ni msimu wetu, kaptula, mashati, sketi za marinda. Sketi ya marinda ukiipanga huku mtoto anakuvuta suruali anataka maji, utapanga na kupangua mpaka chaki ifutike. Mwaka huu napanga mara moja, napiga pasi, nashona, inayofuata. Hela imeonekana. Chai nakunywa ikiwa bado ya moto.

Halafu napata aibu. Yaani najikuta nafurahi mtoto hayupo. Baba gani wa namna hiyo? Na ikifika kama saa nne, nafurahi na kutafuta sauti yake kwa wakati mmoja. Redio naiongeza, haisaidii. Kuna siku nimenyoosha mkono chini ya meza bila kuangalia, nikasema "lete nyeupe", mteja akadhani naongea na majini.

Asubuhi za mwanzo zilikuwa za kilio. Analia kuanzia kwa mama muuza vitumbua mpaka getini. Mwalimu akaniambia, baba, muachie mkono, ondoka, usigeuke. Nikawa sigeuki kweli, ila nazunguka nyuma ya ukuta, kwenye yale matofali ya matundu, namchungulia. Mlinzi alinivumilia, siku moja akaniambia, "Fundi, nenda kashone, watu wanasubiri sare zao."

Alipoacha kulia ndipo wivu ukaanza. Sasa hivi nyumbani kwangu hakuna amri isipokuwa ya Madam. Madam kasema kucha zikatwe. Kucha hizo nazikata mimi kila Jumapili tangu azaliwe, lakini sasa zinakatwa kwa sababu Madam kasema. Madam kasema hii ni nyekundu. Nyekundu nimemfundisha mimi, kwa reli ya uzi, mwaka jana! Sifa zote zimehamia kwa Madam, mimi nimebaki mtu wa kufua soksi.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonileta hapa ni hiki.

Juzi jioni nipo kwenye mashine, yeye kakaa sakafuni kapanga bobini zangu mstari mmoja kwenye ubao. Kachukua rula yangu ya mbao. Nasikia, "Nani anaongea?" Kimya. "Nyoosheni mikono." Akaanza kuzigonga moja moja, pa, pa, pa, anakwenda kwa mpangilio kabisa. Alipofika kwenye ile nyeusi akaipiga mara mbili.

Nikasimamisha mashine. Nikamuuliza taratibu, mbona hiyo umeipiga mbili? Akasema, "Hii imejikojolea."

Nikamuuliza nani shuleni kajikojolea. Akasema bobini. Nikamuuliza, na wewe Madam ameshakuchapa? Akaniangalia kama vile nimeuliza swali la kijinga. "Mimi sijikojolei. Mimi nabana."

Usiku nikamsimulia mama yake. Yeye uamuzi wake ulikuwa tayari: mtoto atoke, aende shule ya kulipia, kuna moja gari lake linapita hapa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ada wanakubali kwa awamu. Mimi mtoto wa miaka minne kumwamsha saa kumi na nusu akalale kwenye Hiace nafsi inakataa. Lakini na kumwacha abane mkojo kwa kuogopa rula, nafsi inakataa vilevile.

Naombeni mawazo. Nimwendee mwalimu? Nikienda nikasema vibaya, mtoto wangu si ndiye atakayebaki naye darasani nikiondoka?

Mtu wa Ubungo

Sisi tumechapwa kuanzia chekechea mpaka kidato cha sita na tupo hapa tunachangia nyuzi. Acha kudekeza mtoto, fundi.

Mama Tabibu

Mtu wa Ubungo, mtoto wa miaka minne kuchapwa kwa mkojo, unamfundisha adabu gani? Kibofu hakina masikio.

Mleta mada, mimi kilichonishtua kwenye maelezo yako ni hilo neno "nabana", kuliko hata rula. Nafanya kazi na watoto. Mtoto wa kike akibana mkojo asubuhi nzima, siku baada ya siku, anajitengenezea maambukizi ya njia ya mkojo. Na wengi wanaobana mkojo wanabana na choo kikubwa, kinakuwa kigumu, siku ya kutoka kinamuumiza, anaogopa zaidi, anabana zaidi. Wengine wakigundua kwamba maji ndiyo yanayoleta mkojo wanaacha kunywa maji kabisa. Hebu mtazame chupa yake inarudi ikoje. Kama inarudi imejaa kama ulivyoituma, jibu unalo.

Halafu nenda ukakione hicho choo kwa macho yako. Vyoo vingi vya shule vimejengwa kwa mguu wa mtoto wa darasa la saba. Mdogo wa miaka minne akisimama pale, lile tundu anaona litammeza. Hatasema "naogopa tundu". Atasema sitaki shule.

Na usishangae akikojoa kitandani wiki hizi hata kama alishaacha. Wanaoanza shule hilo linawatokea sana. Usimgombeze, badilisha shuka mlale.

Kibopa wa Goba

Mkuu pole, ila sikiliza la mama watoto. Shule za kulipia mwalimu akigusa mtoto, mzazi anasimamisha ada. Serikali utamshtaki nani?

Chaki na Mkasi

Mama Tabibu, nimekwenda kuangalia chupa sasa hivi. Imejaa. Shukrani, na nimeishiwa nguvu.

Kibopa, nashona sare za hizo shule za kulipia pia, na wateja wangu wananisimulia. Fimbo nazo ziko huko, tofauti ni kwamba unachapwa kwa Kiingereza.

Mwalimu Bila Fimbo

Naomba nijibu kwa urefu kidogo kwa sababu hiki ndicho chakula changu. Nafundisha awali, shule ya serikali, mkoani siyo Dar.

Kwanza sheria, na nitaisema kwa kifupi ili tusigeuze uzi kuwa semina. Adhabu ya viboko ina kanuni zake za mwaka 1979, zikarekebishwa 2002. Anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Visizidi vinne. Viandikwe kwenye kitabu. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike. Kwa hiyo hili la "nyoosheni mikono" darasa zima, rula kuanzia mwanzo wa mstari mpaka mwisho, halimo kwenye kanuni yoyote ile. Tunaolifanya tunajua halimo.

Pili, darasa lenyewe. Mwongozo unasema watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali. Tangu ada ilipofutwa Januari 2016, kuanzia awali mpaka kidato cha nne, watoto walikuja kwa wingi, na ni jambo jema, hata wa kwangu wamepita humo. Lakini vyumba na walimu havikuja kwa kasi ile. Mimi wangu wanazidi mia. Mmoja akisema "mwalimu mkojo", wanasimama kumi, siyo kwamba wana mkojo, wamekumbushwa. Nikitoka na hao kumi, waliobaki wanapanda madirishani. Kwa hiyo mwalimu anatafuta njia ya mkato: hakuna kwenda chooni mpaka mapumziko. Anayeshindwa anajikojolea. Akijikojolea ndipo hasira ya mwalimu inamwishia yeye, ambaye ndiye mwenye kosa dogo kuliko wote mle ndani.

Simtetei mwenzangu. Nakuonyesha linapotokea.

Tatu, usiende kushtaki kwa ushahidi wa bobini. Watoto wakicheza shule wanachanganya. Huenda ameona darasa la nne la jirani wakichapwa. Huenda rula ni ya kuonyeshea herufi ubaoni na inapigwa mezani tu. Na huenda ni kweli kama ulivyoona. Ingia na suala la choo. Muulize, "Mwalimu, binti yangu anabana, tufanyeje?" Hilo halina mshtakiwa, na ukiwa unajibiwa utaona mwenyewe rula iko wapi na ina kazi gani. Kama kuna kuchapwa kweli, nenda kwa mwalimu mkuu, usiende peke yako, nenda na wazazi wenzio.

Dereva wa Masafa

Nimesoma mpaka hapa nikaona na mimi niseme langu, huwa sichangii.

Mimi ni wa malori, Tunduma, Kasumbalesa huko. Mama yake mtoto tulishatengana, nikampeleka kijana wangu bweni akiwa na miaka mitano, KG. Nililipa vizuri tu. Kila nikimpigia matroni ananiambia mtoto anakula, mtoto analala, mtoto hana shida. Na mimi moyo wangu mweupe, naendesha.

2023 serikali ikapiga marufuku bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne. Nikamfuata. Nimekasirika, naona wamenivurugia mipango. Tumefika nyumbani, kijana kasimama sebuleni na begi lake. Ananiamkia shikamoo, namwitikia, bado kasimama. Nikamwambia kaa. Akaniuliza, "Kiti cha kwangu ni kipi?"

Fundi, wewe wako yupo mwendo wa miguu na anakupigia bobini mbele ya macho yako. Hilo la kuonyeshwa, mimi sikuwahi kulipata. Usimpeleke mbali.

Mtu wa Ubungo

Dereva, umeniweza. Pole kaka.

Bi Mkubwa wa Bububu

Nawasalimu kutoka Unguja. Sie huku maandalizi ni miaka miwili, imo ndani ya elimu ya lazima tangu sera ya 2006, na vijiji vingi vina vituo vya Tucheze Tujifunze. Kwa hiyo mtoto kuanza skuli na miaka minne si habari. Lakini nikwambie ukweli, mwanafunzi wetu huwa keshatoka ndani kabla ya hapo: kenda chuoni, yaani madrasa. Mimi mjukuu wangu alipoanza skuli hakulia hata chozi, alilia alipoanza chuo, na nyanya yake ndo alokuwa akilia naye mlangoni.

Ustadhi wetu alikuwa na bakora. Watoto wakenda wakirejea, kila mmoja ana mchezo wa bakora. Wamama tukakutana, tukampelekea futari na maneno mazuri, tukamwambia ustadhi, bakora yako tunaiheshimu, ila hawa wa alifu-bee-tee tuachie. Kacheka, kaitia juu ya kabati. Mwalimu naye mtu, mwendee na kitu mkononi, usimwendee na kidole.

Kitengela Original

Kutoka Kenya. Huku mtoto wa miaka minne anaingia PP1, wa mitano PP2, na madarasa haya ya chini yako mikononi mwa kaunti tangu katiba ya 2010. Kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na sheria ya elimu ya 2013 ikakazia. Kwa hiyo usiseme "ndivyo walimu walivyo". Lakini nisikudanganye kwamba kimeisha. Mwalimu akijua mzazi hupitapita, mkono wake unakuwa mwepesi wa kujizuia. Mimi hupita darasani bila miadi, nikiwa na sababu yoyote: sweta imesahaulika, uji haukutiwa sukari. Utaitwa msumbufu. Itwa tu.

Mbongo Berlin

Naishi Ujerumani, wangu alianza chekechea huku akiwa na mwaka na nusu. Utaratibu wao ulinichekesha: siku tatu za kwanza mzazi unakaa naye mle ndani, saa moja hivi, halafu mnaondoka wote. Hakuna kuachana. Siku ya nne ndipo unaaga, unatoka nje dakika chache, wanamtazama. Akilia akabembelezeka, wanaongeza muda. Akikataa kabisa, mnaanza tena taratibu. Na ni lazima uage, kutoroka hairuhusiwi. Mimi nilikaa kwenye kile kiti kidogo magoti yamenifika kidevuni nikiwaza, kazini kwangu Kariakoo nani angenipa ruhusa ya wiki mbili nikakae kwenye kiti cha mtoto?

Kwa hiyo simwambii fundi aige. Hilo la kuaga tu ndilo halina gharama. "Usigeuke" mimi siikubali. Mwambie mtoto naondoka, nakufuata saa fulani, halafu kweli ufike saa hiyo.

Chaki na Mkasi

Wakuu, mrejesho. Nimechelewa kwa sababu ya oda.

Nilifuata la Mwalimu Bila Fimbo na la Bi Mkubwa. Kitu mkononi nilibeba kilo ya vifungo vilivyobaki vya miaka yote, rangi zote, maana niliona wana zile kona za kujifunzia ukutani, ya kuhesabu ina vizibo vya soda na vijiti. Nikafika muda wa mapumziko.

Madam ni binti mdogo, nilidhani nitakuta mtu mzima. Darasa halina madawati ya kutosha, wengine wako kwenye mkeka. Rula ipo. Ya mbao, ndefu kuliko yangu, iko juu ya meza. Herufi ubaoni anazionyeshea kwa hiyo, nimeona. Nikamweleza la kubana, nikamwomba anionyeshe choo. Mama Tabibu, ni kama ulikuwepo. Tundu ni la mtu mzima, mlango haufungi, na ndani giza. Mimi mwenyewe nisingeingia.

Akaniambia, "Baba, mimi ni mmoja. Nikimpeleka mmoja, hawa wengine nawaacha na nani?" Sikuwa na jibu. Nikamuuliza, na wakijikojolea? Akanyamaza. Akasema nguo za kubadilisha hazipo. Nikamuuliza tena, kwa upole, na hiyo rula? Akaigeuza mkononi, akasema, "Kuna siku nachoka." Basi. Hakuongeza, na mimi sikuongeza. Nimetoka pale nikiwa nimemkasirikia na nikiwa namwonea huruma, sijui kipi zaidi.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Nilipotaja wazazi tuchange tumlipe msaidizi, alikuwa kama nimemwagia maji. Tangu Magufuli apige marufuku michango Januari 2018, hataki kusikia neno hilo linatoka ofisini kwake. Lakini akasema nguvu si mchango. Wazazi wakija wenyewe kwa zamu, mmoja kwa siku, kusimamia choo na mapumziko tu, yeye hana tatizo, ila tukubaliane kwenye kikao na mwenyekiti wa kamati ya shule awepo.

Nikaomba zamu ya kwanza iwe yangu, ya majaribio. Nimeshaifanya. Unaita watano watano, unasimama mlangoni, wenye kuogopa unawashika mkono mmoja wakichuchumaa. Nusu yao wanataka tu kutoka nje waone fundi anafanya nini huku. Lakini nimehesabu chupa za maji mwisho wa siku: nyingi zilikuwa tupu.

Na wa kwangu, mnataka kujua? Hakunisogelea. Mwenzake akamuuliza, yule ni nani? Akasema, "Fundi." Nikasubiri aongeze. Hakuongeza. Akaenda kucheza. Jioni namuuliza, kwa nini hukusema ni baba? Akaniambia baba anakaa bandani.

Mama Tabibu

Hongera kwa zamu. Lakini VIFUNGO?! Mkuu, darasa zima la watoto wa miaka minne umewapelekea kilo ya vifungo? Najua pua ngapi zinakuja kutolewa kifungo kwa mwaka. Puani, masikioni, na cha kumeza. Kavirudishe kesho asubuhi.

Chaki na Mkasi

Duh. Nimempigia Madam usiku huu huu. Navifuata alfajiri. Nitawapelekea makopo ya nyuzi zilizoisha, yale marefu ya plastiki. Pua ya kuingia lile kopo sijaiona.

Kibopa wa Goba

Mkuu nafuta kauli yangu nusu. Ila swali: hiyo zamu wazazi wakichoka Machi?

Chaki na Mkasi

Kibopa, hata mimi silali kwa swali hilo. Wengi mtaani kwetu wanatoka alfajiri, sokoni, bodaboda, viwandani. Wenye kujiajiri kama mimi ni wachache. Zamu moja kwangu ni sketi nne ambazo hazijashonwa, na ile chai ya moto imerudi kupoa. Mama watoto kaichukua ile fomu ya shule ya gari kaiweka juu ya friji. Hajaitupa na hajaijaza. Amesema tukifika Pasaka rula bado inafanya kazi, anaijaza. Nimekubali, kwa sababu hata mimi sina hoja ya kumpinga kama itafika hapo.

Mwalimu Bila Fimbo

Kwenye kikao usizungumzie rula kwanza mbele ya watu, utamwaibisha na atajilinda. Anzeni na mlango wa choo na kupunguza tundu. Fundi seremala anaweka ubao wenye tundu dogo juu ya lile kubwa, unatolewa na kusafishwa, kazi ya siku moja. Nguo za kubadilisha, kila mzazi alete kaptula moja kuukuu iwekwe kwenye ndoo. Mkojo ukiacha kuwa tatizo la mwalimu, hilo la rula utakuja kuliongea naye nyie wawili na atakusikia. Na asipokusikia, mwalimu mkuu sasa anakujua kwa jina.

Mama Tabibu

Na kabla ya kikao mpime mtoto mkojo. Usingoje homa.

Chaki na Mkasi

Mama yake alimpima jana zahanati kwao. Safi, hakuna kitu. Kaptula za kubadilisha nitashona mwenyewe kwa vipande vya sare vilivyobaki, vipo vya kutosha. Kikao ni Ijumaa saa tatu.

Mtu wa Ubungo

Tunasubiri mrejesho wa Ijumaa, usitoroke kama wale wengine. Halafu fundi, nina kijana wa la pili kachana kaptula mbili mwezi mmoja. Nije PM?

Chaki na Mkasi

Njoo PM. Zamu yangu ni Jumanne, siku hiyo usije.